Zinazobaki Kwenye Kitana

20 Machi 1977

Dada Kulthum,

Nimefika. Sikuambii wapi, na wewe usiniulize. Buibui lako ninalo bado, nimelikunja chini ya godoro. Kwenye vizuizi vyote vinne hakuna askari aliyenifunua uso. Mmoja aliniita hajati akanisaidia kupanda lori. Huyo ninamjua, tulikaa naye jengo moja kule kambini Mbuya, mke wake aliwahi kuniazima kiberiti.

Mtu wangu sijui aliko. Ukiulizwa na yeyote jibu ni hilo, na mimi ndilo nililokwambia.

Sasa nakuandikia kwa jambo la kipumbavu. Nywele zangu zinatoka. Tangu ile wiki ya Februari walipoanza kutafuta askari wa kabila letu nyumba kwa nyumba, nikichana zinabaki kwenye kitana. Juu ya sikio la kushoto pameshakuwa peupe. Miaka mingapi nimekaa mbele yako kila Jumamosi pale barazani Kyebando, ukinisuka na kunitukana? Ulisema wigi litanila kichwa, na serikali ilipopiga marufuku mawigi ulicheka siku nzima. Haya, cheka tena. Lakini niambie nifanye nini, na itachukua muda gani. Nimeshapoteza nyumba, nguo na mshahara wa sajenti. Nisipoteze na kichwa.

Andika kwa Tarcisio, katekista, sanduku la parokia kule Masaka. Yeye anajua njia ya kunifikishia. Kiswahili changu ni cha kambini, unakijua, nivumilie.

Mdogo wako,
Alanyo


Kyebando, 4 Aprili 1977

Alanyo mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikairudia tena. Alhamdulillahi. Mwanangu Maftah nilimpa aisome, akaenda kujificha jikoni, eti moshi umemwingia machoni. Kijana wa miaka ishirini, na jiko lenyewe limezimwa. Hajasahau kuwa ni Odur wako aliyekwenda kumtoa kituoni mwaka juzi, bila kuitwa na mtu, walipomzoa ovyo na wenzake.

Wale watu wa usalama walikuja hapa siku ya tatu baada ya wewe kuondoka. Watatu, na miwani nyeusi ndani ya nyumba. Nikawaambia mimi kazi yangu ni vichwa vya wanawake, habari za wanaume wao siziulizi. Wakaondoka na redio yangu. Laana iwashukie kwenye betri.

Sasa kichwa. Nisikilize, maana sirudii. Nywele inakufa leo, inaanguka baada ya miezi miwili au mitatu. Zinazokutoka sasa ni za hofu ya siku nyingi. Kwa hiyo dawa ya leo matunda yake utayaona mbele huko. Hapo ndipo wanawake wanaponishinda, nyabo: Jumatatu wanapaka, Ijumaa wako kwenye kioo, Jumapili wanasema Kulthum mwongo.

Nimekufungia unga wa mkunazi, aliniletea shangazi kutoka Mombasa. Sabuni hapa Kalerwe imekuwa ya magendo, kipande kimoja bei ya kuku, kwa hiyo osha kwa huo mkunazi, una povu lake. Kijiko kimoja, maji ya vuguvugu, mara moja kwa wiki. Halafu mafuta, kwenye ngozi na si kwenye nywele. Nimekutia ya nazi yenye karafuu. Kama uko kwenu kaskazini, yale mafuta yenu mnayoita moo yaa ni bora kuliko yangu. Usisuke. Usichane zikiwa kavu. Lala na kitambaa.

Mwezi wa kwanza hutaona kitu. Wa pili zitaacha kukatika. Wa tatu utapapasa na kukuta vinyweleo, kama kidevu cha mvulana. Baada ya hapo ni upana wa kidole kimoja kila miezi miwili, hata ukipaka dhahabu.

Kila mwisho wa mwezi kusanya zinazobaki kwenye kitana, zifunge kwenye karatasi, andika tarehe juu, unitumie. Mimi mzizi wa nywele unaniambia mambo. Nikimaliza nitazizika mwenyewe. Nywele za mtu haziachwi ovyo.

Dada yako anayekutukana kwa mapenzi,
Kulthum


3 Julai 1977

Dada Kulthum,

Nimetii. Karatasi tatu: Aprili, Mei, Juni. Ya Aprili imejaa. Ya Juni ndege hawezi kupata cha kutosha kiota.

Juzi nilipapasa juu ya sikio. Vimo. Nilikaa chini nikalia peke yangu kwa sababu ya vinyweleo, mimi ambaye Februari sikulia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni kitu cha kwanza mwaka huu ambacho kimekuja badala ya kuondoka.

Moo yaa huku hakuna, watu hawaijui hata kwa jina. Natumia mafuta yako, kidogo kidogo. Lakini nywele zinakuwa ngumu, ukizishika zinakwaruza. Na nyuma kuna mabaka mawili ya duara, yanawasha. Ni dawa, au ni kitu kingine?

Msalimie Maftah. Mwambie asizubae mjini giza likiingia.

Alanyo


Kyebando, 24 Julai 1977

Alanyo,

Karatasi zimefika. Mizizi ni mizima.

Ugumu huo si wa dawa, ni wa maji. Niambie unaoshea maji gani. Ya mvua, ya kisima, ya mto, ya ziwa? Sabuni inatoa povu? Ndoo ikikauka inabaki na weupe? Nieleze yote, maana maji ya kisima yana dawa yake na maji ya ziwa yana yake. Kama moo yaa hawaijui, basi hauko kwenu. Hilo nalo ni vizuri kulijua, jua la kila mahali lina tabia zake.

Mficha uchi hazai. Jibu upesi, mabaka hayo yakikaa yanachimba.

Maftah hayupo, amesafiri kidogo kwa kazi za dukani.

Kulthum


10 Agosti 1977

Dada Kulthum,

Barua yako ilikuwa kavu. Niliigeuza upande wa pili nikitafuta matusi, sikuyaona. Unaumwa? Au ni sukari imekosekana tena? Wewe bila chai huwa hufai.

Maji ni ya chumvi. Ya kunywa tunanunua kwa debe, yanatoka mbali, siwezi kuyamwaga kichwani. Ndoo inabaki nyeupe tupu. Nguo tukianika zinakauka zikasimama zenyewe. Wanaume hapa wanaingia ziwani mpaka kiunoni kuvunja chumvi, na jioni miguu yao imechubuka, wanaipaka masizi. Sabuni haitoi povu kabisa. Mkunazi wako unatoa, kidogo.

Najua nimesema zaidi ya nilivyopanga. Ndiyo maana bahasha zangu zinapitia Masaka, ili muhuri wa posta usiseme kitu. Lakini wewe si posta. Wewe ulinificha siku tatu katika chumba cha marehemu mama yako, ukanivika buibui kwa mikono yako. Nikikuficha wewe maji ninayooga nitakuwa mtu wa namna gani?

Mabaka sasa ni manne.

Alanyo


Kyebando, 21 Agosti 1977

Alanyo,

Kwa chumvi hiyo, suuza mara ya mwisho kwa kikombe kimoja cha maji ya kunywa na ndimu. Kikombe kimoja hakitakuua.

Mabaka ni mba, na mba huu unaambukiza. Nakuuliza jambo, nijibu bila haya, mimi ni mtu mzima. Mto huo unaulalia peke yako? Kama kuna kichwa kingine kinacholala hapo, au mnatumia kitana kimoja, basi naye apakwe siku ile ile, la sivyo utajipaka mpaka kiyama. Wewe unapona, yeye anakurudishia. Nataka kujua ni vichwa vingapi ili nipime mafuta. Na yeye baka lake liko wapi, kama analo.

Sina habari nyingine.

Kulthum


8 Septemba 1977

Dada Kulthum,

Vichwa ni viwili. Nilicheka mpaka majirani wakasikia. Wewe ulijua siku zote, sivyo? Ulijua toka ile barua ya kwanza, ukanyamaza kwa adabu.

Cha pili kina baka moja kubwa kisogoni, analificha kwa kofia. Anafanya kazi na hao wa miguu iliyochubuka, kwa jina ambalo si lake. Jumapili alinipimia nywele kwa kidole chake: kidole kimoja na kidogo. Akasema nikuambie una mkono, na kwamba siku nchi ikitulia atakuletea redio mpya, kubwa kuliko ile.

Sasa nakuambia la mwisho, barua uichome ukishasoma. Jumatatu ya tarehe kumi na tisa tunavuka kwenda Zaire. Upande wa pili tunauona kila asubuhi. Amepata mtu wa kutupitisha. Nikifika nitakuandikia jina la mahali kwa herufi kubwa, na utakuja kunisuka huko, maana kufikia Januari zitakuwa zinashikika.

Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu mwaka jana. Ninaogopa hata kuiandika.

Alanyo wako


Kyebando, 13 Septemba 1977

Alanyo,

Msiondoke tarehe hiyo. Dawa ya mba haikatizwi. Ni siku ishirini na moja, mto ule ule, foronya ikichemshwa kila siku ya tatu. Mkihama katikati mtaanza upya, na mtawapelekea ugonjwa wenyeji wenu, wawafukuze. Chupa ya vichwa viwili inakuja kwa Tarcisio. Ngojeni chupa. Baka la kisogoni lipakwe kwa wingi, mpaka ling'ae.

Maftah anarudi karibuni, Inshallah.

Kulthum


20 Oktoba 1977

Dada Kulthum,

Odur amekufa. Naliandika jina lake sasa, halina tena cha kulinda.

Chupa ilifika tarehe ishirini na tano. Yeye alitaka tuvuke tarehe kumi na tisa kama tulivyopanga. Mimi ndiye niliyemwambia tungoje, Kulthum amesema. Alilalamika kidogo, kisha akasema, "Nimelikimbia jeshi zima, nije nifungwe na mba." Chupa ilipofika akaketi chini, nikampaka kila siku. Tulifika siku ya tano.

Walikuja Alhamisi, mchana. Wanne, kwenye gari dogo. Hawakutafuta nyumba kwa nyumba, hawakutaja jina lolote. Walikwenda moja kwa moja kwa wavunja chumvi, wakawatoa majini, wakawapanga mstari, wakawaamuru wavue kofia na wageuke. Watu sitini. Wakapita nyuma yao wakitazama visogo. Kimoja tu kilikuwa kinang'aa mafuta.

Walimleta nyumbani achukue kitambulisho. Mmoja wao alinisogelea akanishika kichwani, taratibu, kama wewe unavyonishika. Akasema, "Kumbe zimeota kweli." Kisha wakamtia Odur kwenye buti ya gari. Wavunja chumvi walimkuta kesho yake kando ya barabara ya lami.

Dada, barua zinafunguliwa katika nchi hii, kila mtu anajua. Huenda ni posta. Huenda ni karani fulani aliyesoma kila kitu, na wewe hukujua. Niandikie hivyo. Niandikie kwamba bahasha zangu zilikufikia zimebandikwa upya, na mimi nitaamini, sitakuuliza tena maisha yangu yote. Nakuomba. Tumia sanduku lile lile, hakuna tena cha kuficha.

Alanyo


Kyebando, 2 Novemba 1977

Alanyo,

Bahasha zako hazikufunguliwa na mtu. Nilizifungua mimi, nikawasomea.

Julai, tarehe kumi na tano, walimchukua Maftah dukani. Walisema ni sukari ya magendo, gunia moja, na hata halikuwa lake. Kesho yake wakaja kupekua, wakakuta karatasi zako tatu juu ya meza, nilikuwa sijazizika. Walicheka kwanza. Halafu mmoja akasoma tarehe, akaniuliza hizi nywele za nani. Nikasema za mteja. Siku ya pili waliniletea shati la Maftah. Sitakuandikia lilivyokuwa.

Sanduku la posta walilijua, wakakaa pale Masaka wiki nzima na hawakuona ila mzee mmoja anayebeba barua za parokia nzima. Wakasema wanataka mahali penyewe, na mimi ndiye nitakayewaulizia kwa njia yangu. Nikajiambia nitauliza la maji tu, maji hayajaua mtu. Baada ya hapo likaja la mto wa kulalia. Baada ya hapo la kungoja. Kila swali lilikuwa la kweli, Alanyo, wallahi. Msusi yeyote angeliuliza. Mba ni lazima mtibiwe wote wawili, na dawa ni siku ishirini na moja. Hilo ndilo lililonirahisishia, kwamba sikuandika hata neno moja la uongo kuhusu kichwa chako.

Maftah alirudi tarehe mbili Oktoba. Mkono wa kulia haufungi vizuri. Aliniuliza kwa nini wamemwachia, nikasema ni Mungu. Kisha barua yako ya mwisho ikaja, akaisoma kabla yangu. Tangu siku hiyo hali chakula ninachopika. Ananunua chapati Kalerwe, anakula amesimama nje ya ua, na anaporudi ananipita kama anavyopita mlango.

Sikuombi msamaha. Ukiniambia nichague tena leo, nitamchagua Maftah, na hilo ndilo ovu langu hasa. Uliniomba uongo nikakosa. Mkono umechoka.

Nywele zako nimezizika zote. Unga wa mkunazi bado unao? Usiukatize. Huzuni nayo inang'oa nywele kama hofu.

Kulthum


14 Novemba 1977

Mama Maftah,

Sikuiti dada tena. Umenikumbusha wewe ni mama wa nani.

Miezi miwili ulinidanganya bila kuombwa. Mara moja tu nilikuomba uongo, ukaniambia mkono umechoka.

Ungeniambia wana Maftah. Hilo ndilo ninalolifikiria asubuhi mpaka jioni, si lile swali la mto. Ungeandika mstari mmoja tu: wana Maftah, wanamtaka Odur. Unafikiri angefanya nini? Mara ya kwanza alikwenda kumtoa na hakuna aliyemwita. Pengine angekuja mwenyewe. Pengine asingekuja, tungekimbia, na mimi ningebeba dhambi ya mwanao. Lakini ingekuwa ni sisi tuliochagua. Wewe ulituchagulia, kisha ukatuandikia mafuta.

Na mimi nilimfunga kwa maneno yako. "Kulthum amesema." Nilikuwa namtunza, kumbe nilikuwa nawawekea alama.

Unauliza mkunazi. Umekwisha. Wavunja chumvi walipomleta Odur hatukuwa na sabuni, na maji ya hapa yanamkwaruza mtu hata akiwa maiti. Nilinunua debe mbili za maji ya kunywa, nikamwaga unga wote uliobaki, nikamwosha kichwa mpaka miguu. Ulitoa povu zuri. Jirani yangu Hajara, Mwislamu, alisimama mlangoni akanitazama, akauliza ni nani aliyenifundisha kuwa kwenu Waislamu maiti huoshwa kwa mkunazi. Sikujua. Nilisema nimepewa na rafiki kwa ajili ya nywele.

Nakupa haki yako, dawa inafanya kazi. Yote ulivyosema ndivyo yalivyokuwa. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Wa pili ziliacha kukatika. Wa tatu nilipapasa. Mpaka juzi zilikuwa vidole viwili, nyeusi, nzito, bila pengo hata moja, na mba umepona kabisa.

Kwetu mke akifiwa ananyolewa. Hajara alinishikia kioo.

Buibui lako nakurudishia. Nimelifungia hizo nywele ndani, kwenye karatasi. Kila mwezi nilikukusanyia zilizobaki kwenye kitana, safari hii ni zote. Usizizike. Mpe Maftah azishike kwa ule mkono wake mzima, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza kwa nini walimwachia, ukamjibu ni Mungu.

Tarehe nimeandika juu ya karatasi, kama ulivyonifundisha.

Alanyo, mke wa Odur